Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Emmaculate alikuwa peke yake na mtoto wake mchanga, akichambua mboga za mrenda sebuleni. Redio ilikuwa imezimwa na mdomo wake mwenyewe ulikuwa umefungwa. Mara ile spika juu ya kabati ikasema:

"Naam, nakusikia."

"Sijakuita," akaijibu, kisha akajicheka kwa kujibizana na plastiki.

Spika hiyo aliileta mumewe, Makokha, muuza vifaa vya simu pale mpakani Busia. Aliinunua kwa mtu wa ng'ambo, ikiwa imetumika kidogo. Ukiita "Stella" inaitika, halafu inakupa habari za mvua, za mpira, hata bei ya nyanya ukitaka. Nusu ya kijiji chao cha Mundika ilikuja kuishangaa. Ni jirani yao Roselida tu aliyekataa kuvuka kizingiti.

"Hiyo kitu inasikiliza hata mkinyamaza," alisema akiwa mlangoni. "Mimi siwezi lala nyumba moja na masikio hayana mwenyewe."

Makokha akacheka hadi akakohoa. "Mama, wacha isikie! Sisi tuko na siri gani hapa? Mtu hana siri haogopi masikio."

Jamani, maneno mengine mtu angeyameza tu. Hakuna nyumba isiyo na siri. Kuna nyumba ambayo wazee wanaijua siri yao na vijana hawajaambiwa, basi.

Mtoto huyo hakuwa na jina bado. Hospitalini walimwandika Brighton, lakini hilo ni la cheti. Jina lenyewe, kwao, huitwa. Mtoto akilia bila kukoma, nyanya yake humpakata na kuita majina ya wazee waliolala kaburini, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Mwenye jina ndiye atakayemshika mkono maisha yake yote. Sasa nyanya mwenyewe, Kukhu Edinah, mama yake Makokha, alikuwa Port Victoria akimuuguza dada yake. Mtoto alilia, Kukhu haji. Alasiri moja Emmaculate, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akashindwa kuvumilia.

"Stella! Hebu ita majina wewe, huyu mtoto anyamaze!"

Ikaita. Barasa. Wandera. Petro. Okumu. Iliita kwa sauti yake ileile ya kike, isiyochoka, na mtoto akazidi kupiga mayowe. Halafu ikatua kidogo, na sauti ikashuka.

"Methuselah."

Mtoto akanyamaza papo hapo.

Aa, Emmaculate aliona amepata dawa! Kuanzia siku hiyo mtoto akilia, analitaja jina, kimya. Hakujiuliza kwa nini nyumba ilianza kunuka katani, harufu ya kamba mpya, mpaka kwenye nepi zilizoanikwa juani. Aliona pia kwamba mtoto akisikia lile jina hugeuza shingo pole pole na kuitazama boriti ya paa, lakini akasema watoto hupenda kutazama juu.

Kukhu Edinah alifika siku ya mawingu mazito, ngurumo zikitembea upande wa Uganda. Makokha alikuwa amefunga kibanda mapema kwa sababu ya mvua. Stima zikapotea. Mtoto akaanza kulia, na Kukhu akanyoosha mikono, tayari kumwitia majina ya wazee.

"Nipe mjukuu wangu. Mulama! Ni wewe, Mulama?"

"Usijisumbue, Kukhu," Emmaculate akasema kwa furaha, akitaka kumpendeza. "Jina tulipata. Methuselah!"

Mtoto akanyamaza. Kukhu, aliyekuwa ameshampakata, nusura amwangushe.

"Nani alikupa hilo jina?" alinong'ona. "Makokha, ni wewe?"

"Mama, mimi Methuselah hata simjui."

"Utamjuaje? Alikuwa ndugu mdogo wa baba yako. Walimsingizia ng'ombe wa wizi, akajinyonga mtini kwa kamba ya katani kabla hujazaliwa. Hatukumlilia. Tulimzika nje ya boma, mti tukauchoma, jina tukalifunga. Mtu kama huyo haitwi, mwanangu. Ukimwita anakuja, na akija anataka mwili."

Emmaculate akaionyesha spika kwa kidole. "Hii ni mashine tu, inajua majina ya dunia nzima," Makokha alisema.

Na hapo, stima hakuna, waya wa spika ukining'inia bila kuchomekwa popote, kijitaa chake cha buluu kikawaka chenyewe, harufu ya katani ikajaa chumba hata ikawakwaruza kooni, boriti juu ya vichwa vyao ikalia kama inayobebeshwa mzigo, na ndani ya kile kidude, badala ya sauti ya kike waliyoizoea, ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, iliyobanwa, ya mtu anayevuta pumzi kwa shida.

"Shemeji Edinah. Mbona hamkunililia?"

Kukhu akamziba Emmaculate mdomo kwa kiganja. "Usiitike. Mtu yeyote asiitike."

"Shemeji."

Kukhu akamkumbatia mtoto kifuani.

"Mwanangu," ikaita.

Na mtoto, ambaye hakuwa amefikia umri wa kucheka, akacheka kwa sauti.

Makokha akairukia ile spika, akaitoa nje kwenye mvua na kuitwanga kwa mchi wa kinu hadi ikawa vipande. Emmaculate akamgeukia mama mkwe wake.

"Kukhu, si tumlilie tu, aende zake?"

"Waliojinyonga hawaliliwi!" Kukhu alifoka. "Ukimlilia mmoja, wote watakuja." Akamtoa mtoto mlangoni, akamnawisha uso kwa maji ya mvua, akapaza sauti: "Mulama! Wewe ni Mulama!"

Harufu ikaisha. Watu wa kanisa wakaja wakaomba. Mulama akanenepa, akaanza kukaa. Ila ukimwita hageuki. Emmaculate alipiga makofi, akagonga sufuria, wapi! Muuguzi wa zahanati akampima na kusema masikio yako sawa kabisa. Mama wa watu akawa hapati usingizi. Je, mtoto ni kiziwi? Atasomaje? Atacheza na nani?

Asubuhi moja ya jua kali, Kukhu akiwa shambani, Emmaculate alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni sebuleni. Alimwita Mulama mara nyingi, kwa upole, kwa kubembeleza, mwisho kwa machozi. Kisha moyo wa mama ukamshinda. Akainama sikioni mwake, akanong'ona lile jina jingine.

Mtoto aligeuza shingo pole pole, akaitazama boriti, halafu akamtazama yeye.

"Naam," akasema, kwa sauti nzito iliyobanwa kooni. "Nakusikia."

Emmaculate akaangua kilio, akalia kama wanavyolia kwenye matanga, na mtoto akajilaza ndani ya beseni, akafumba macho, akasikiliza anavyoliliwa.