Sahihi ya Sikio la Pili

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Illuminée. Hii sahihi ni ya nani?"

"Ya Pudentienne, Madamu. Imeandikwa hapo."

"Kusoma najua. Nauliza, alisikia kweli, au ulimwambia atie sahihi tu?"

Madamu Ingrid aliigonga karatasi kwa kidole, akaigonga tena, kisha akasema, "Mwite."

Pudentienne aliingia akijifuta mikono kwenye sketi. Alikuwa mdogo wake Illuminée, baba mmoja mama mmoja, naye ndiye mpiga taipu wa ofisi.

"Kwenye kaseti hii ulisikia nini?"

Pudentienne alimtazama dada yake, kisha akatazama sakafu. "Mkwaruzo, Madamu. Kama mvua kwenye mabati."

"Na majina haya kumi na moja?"

"Dada ndiye aliyasikia. Mimi nilimwamini."

"Hapa hakuna anayeajiriwa kwa kuamini," Madamu Ingrid alisema. "Rudi kwenye kazi yako."

Ofisi ile ilikuwa mtaa wa Kacyiru, katika mji mkuu wa Rwanda, nyuma ya wizara, nyumba nyeupe yenye antena tatu juu ya paa. Ilikuwa mali ya shirika moja la Ulaya, na kazi yake ilikuwa kusikiliza redio za Rwanda na za nchi jirani, kuandika neno kwa neno kilichosemwa, kukitafsiri, na kukituma makao makuu kwa teleks kila jioni. Mkuu wake alikuwa Madamu Ingrid, ambaye alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka sita na Kiswahili chake kiliwashinda wengi wa mjini. Lakini aliyepanga zamu, aliyehesabu kaseti na kujua nani anasikiliza stesheni gani, alikuwa Illuminée.

Sheria kubwa ilikuwa hii: hakuna neno linalotumwa bila masikio mawili. Msikilizaji wa kwanza anaandika. Wa pili anaisikiliza kaseti ileile upya, na akisikia yaleyale anatia sahihi. Karatasi isiyo na sahihi ya pili inatupwa katika sanduku la kijani, na sanduku la kijani halisomwi na mtu.

Mambo yalikuwa yameanza wiki tatu nyuma, mwezi wa tatu mwaka wa tisini na nne, kwa kitu kidogo sana. Illuminée alikuwa akiandika taarifa ya habari ya mchana. Taarifa ikaisha, muziki wa kufungia ukapigwa, na baada ya hapo kaseti ilipaswa kuwa tupu. Haikuwa tupu. Kwanza alisikia harufu, harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Ndipo mtu akaanza kusoma majina.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtangazaji aliyelala vizuri. Gatera. Huyo ni mlinzi wa getini. Kamanzi. Huyo ni dereva. Twahiru, fundi wa mitambo. Sauti ilisoma majina ya wafanyakazi wote wa nyumba ile, na wa mwisho alikuwa Pudentienne. Walikosekana wawili tu, Madamu Ingrid na Illuminée mwenyewe. Kisha zikaja hatua za viatu, na mlio wa bawaba ya mlango, mlio ambao Illuminée aliujua kwa sababu ulikuwa wa mlango wa chumba kilekile alichokaa. Na sauti ya mwanamke, nzito, kama mtu anayesema kupitia kitambaa: "Endeleeni na kazi kama kawaida. Tutarudi Jumatatu."

Akavua hedifoni, akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa.

Siku ya pili ikawa vilevile, ya tatu vilevile, hata kwenye kaseti mpya iliyotolewa kwenye nailoni mbele ya macho yake. Alipompa Pudentienne asikilize, Pudentienne alitega sikio mpaka jasho likamtoka. "We dada, mimi sisikii kitu. Nenda kalale."

Mtu mmoja tu hakumcheka. Twahiru alilelewa mtaa wa Biryogo na bibi aliyekuwa akitoa majini, na harufu ile aliisikia. Ijumaa moja saa saba mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula, alileta makaa na ubani kwenye mfuniko wa kopo la majarini, akachomoa waya wa mashine ya kaseti ukutani, akaketi karibu na Illuminée, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Moshi ulipanda sawasawa mpaka usawa wa meza, halafu ukapinda, ukaelekea kwenye mashine kama unaovutwa na pua ya mtu, na mashine isiyo na umeme ikaanza kuzunguka, polepole, taa yake nyekundu ikawaka, na Illuminée, ambaye hedifoni zilikuwa mapajani mwake na si masikioni, akasikia majina yanaanza tena, Gatera, Kamanzi, na kati ya jina na jina akasikia pumzi, pumzi ya kitu kilichomwinamia begani kikisubiri aandike, na mkono wake, bila yeye kuuamuru, ulikuwa tayari umeshika kalamu.

Twahiru aliyazima makaa kwa soli ya kiatu.

"Dada, iko kitu humu."

"Jini?"

"Sema polepole. Bibi yangu alikuwa anawatoa. Iko wa maji, iko wa miti. Huyu ni wa sikio. Nyumba hii inasikiliza mwaka wa nne sasa, haijajibu hata siku moja. Hiyo ndiyo chakula yake."

"Anatokaje?"

"Mwenye nyumba amujibu. Aseme, nimesikia, halafu afanye kitu. Si mimi, si wewe. Mwenye nyumba."

"Na mbona jina langu hakulisoma?"

Twahiru alikusanya vitu vyake bila kumtazama. "Wewe anakuhitaji."

Illuminée hakulala siku mbili. Aliwaza kwamba orodha ile ikifika makao makuu ikiwa na sahihi mbili, kule kuna mtu atakayelazimika kujibu, na jibu litakuwa: watoeni watu hao. Kwa hiyo akaichapa, akamwekea mdogo wake kalamu mkononi. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuidanganya sheria ya masikio mawili. Aliidanganya siku hiyo moja, kwa ajili ya Pudentienne, akakamatwa siku hiyohiyo.

"Nifukuze kazi," Illuminée alimwambia sasa Madamu Ingrid, Pudentienne akiwa ametoka. "Lakini kwanza sema umesikia. Kisha mwache Kamanzi awapeleke watu hawa Bukoba, ng'ambo ya mpaka. Wiki mbili tu. Gari lipo."

"Nimjibu nani, Illuminée? Kaseti?"

"Sema tu, Madamu. Nakuomba kwa ajili ya mdogo wangu."

Madamu Ingrid hakuwa mtu mbaya. Pudentienne alipougua malaria, alikaa naye hospitali mpaka asubuhi. Alivua miwani, akasugua macho, akasema kwa upole, "Kazi yetu ni kusikiliza. Siku tukijibu, tutakuwa tumechagua upande, na ofisi itafungwa."

Akaitia karatasi katika sanduku la kijani. Tangu siku hiyo, kila karatasi yenye sahihi ya mmoja wa wale dada wawili iliwekwa alama nyekundu: sikio moja. Na siku hizohizo redio za mjini, redio za kweli zilizosikiwa na kila mwenye duka mtaa wa Gitega, zilianza kusema maneno ya kuhimiza watu wauawe, na Illuminée aliyaandika yote. Pudentienne aliyasikia pia, safari hii kweli kabisa, akatia sahihi. Mengi yaliishia katika sanduku la kijani.

Mwezi wa nne, siku ya tatu tangu milio ya risasi ianze, Jumamosi, waliobaki wa ofisi walikuwa wamejikusanya katika chumba cha kusikilizia: Illuminée, Pudentienne, Twahiru na Madamu Ingrid. Gatera hakuonekana getini tangu Alhamisi. Kamanzi alitoka kutafuta maji, hakurudi. Umeme ulikuwa umekatika, na harufu ya udongo ilikuwa imejaa nyumba nzima. Sasa hata Madamu Ingrid aliisikia.

"Nini kinanuka hivi?" aliuliza, akajifunga skafu yake puani na mdomoni.

Twahiru alimtazama Illuminée, kisha akaitazama mashine.

Lori la askari wa kigeni, waliokuja kuwaondoa raia wao, likasimama getini. Askari mmoja aliingia na orodha mkononi, akasoma jina moja tu, la Madamu Ingrid. Madamu aliongea naye kwa lugha yao, akimwonyesha Pudentienne, akimwonyesha Twahiru, sauti yake ikipanda. Askari alitikisa kichwa, akatazama saa. Madamu akachukua mkoba wake.

"Amujibu sasa," Twahiru alinong'ona. "Dada, mwambie amujibu."

Illuminée alimshika mkono mkuu wake kwa mikono miwili. "Madamu. Sema umesikia. Neno moja tu."

Madamu Ingrid alimtazama, macho yamejaa machozi, akatoa mkono wake taratibu. Nyuma yao, juu ya meza, mashine isiyo na umeme ilianza kuzunguka, na taa nyekundu ikawaka. Pudentienne alijibana ubavuni mwa dada yake. "Dada," alisema, "sasa na mimi nasikia." Viatu vya Madamu viligonga sakafuni. Bawaba ikalia. Mlangoni aligeuka, na kupitia kitambaa cha skafu, kwa sauti nzito, akasema:

"Endeleeni na kazi kama kawaida. Tutarudi Jumatatu."