Pete Haivishwi Kaimu

Neville Ombler alifungua mlango akiwa ameshaandaa tabasamu, na tabasamu lenyewe likamfia mdomoni. Aliyesimama nje hakuwa mpenzi wake, Roz. Alikuwa Dougie, mpiga besi wa bendi ya Roz, kavaa tai, kakumbatia maua.

"Yuko wapi?" Neville aliuliza.

"Mzima kabisa, kaka. Kapata shoo ya ghafla huko Wales. Mpiga gita wa bendi ya huko kavunjika kidole."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekuja badala yake. Nimeshaelekezwa. Nimbusu mama yako, nicheke utani wa mjomba wako, nile pudingi mara mbili hata kama imeungua."

Ndani, ukoo mzima wa Ombler ulikuwa umeketi mezani. Hilda, mama yake Neville, alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa, na nyama ya oveni ilikuwa inapoa ikimsubiri mgeni.

"Nani huyo?" Hilda aliita. "Ndiye mkwe wangu?"

"Kwa leo, ndiyo, mama," Dougie akajibu, akampita Neville mlangoni.

Meza nzima ikacheka. Neville hakucheka. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umekibana kiboksi cha pete.

Jioni Roz alipiga simu. Alikuwa nyuma ya jukwaa, buti zimejaa tope, anazunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Hivyo ndivyo alivyo. Rosalind Tranmer hajawahi kuongea na simu akiwa amekaa.

"Mpenzi, chakula kilikuwaje? Dougie kafanya vizuri?"

"Vizuri sana. Mama anataka aje tena Krismasi."

"Unaona sasa."

"Roz, nilipofanyiwa upasuaji wa goti, ulimtuma nani?"

"Dougie. Alikuletea zabibu."

"Alizila mwenyewe, huku ananisimulia ugomvi wake na mkewe."

Roz akacheka. Neville akakiacha kicheko kiishe chenyewe.

"Sikiliza, Nev. Kwenye kazi yetu, mtu asiyejali haji tu, anakuacha jukwaani unahangaika. Anayejali ndiye anayetafuta kaimu. Mimi sijawahi kukuacha bila mtu."

"Mimi si bendi."

"Sijasema wewe ni bendi."

"Leo nilikuwa na pete mfukoni. Ulitaka nimvishe Dougie?"

Kwa mara ya kwanza, miguu ya Roz ilisimama. Nyuma yake mtu alikuwa anajaribu ngoma, pigo moja moja.

"Kwa nini hukuniambia? Ningekuja."

"Ungekuja kwa ajili ya pete. Mimi nilitaka uje kwa ajili ya nyama ya mama."

"Nev..."

"Nitapanga miadi kwa msajili wa ndoa, Ijumaa asubuhi. Unajua utaratibu wao. Kabla hamjaoana wanawahoji, kila mmoja chumbani peke yake, pasipoti mkononi. Pale hatumwi mtu. Usipotokea, pete inarudi dukani na nguo zako nampa Dougie."

"Hazimtoshi."

"Sitanii, Roz."

"Nakuja."

"Nani anakuja?"

"Mimi. Mimi mwenyewe."

Na alimaanisha. Tatizo la Roz halikuwa uongo. Tatizo lilikuwa simu.

Ililia Alhamisi mchana, akiwa jikoni anakula chipsi kwa mkono mmoja na mwingine unabonyeza kamba za gita lililolala mezani. Alikuwa Philippa, wakala wake.

"Mazoezi ya ziara yamewahishwa. Kesho asubuhi, Leeds. Odessa Pruitt kafika mapema kutoka Memphis."

Chipsi ikabaki hewani.

Roz alianza kuimba muziki wa bluzi kwenye baa za Hull akiwa msichana mdogo, anatelezesha chupa ya dawa ya kikohozi juu ya kamba kwa sababu hakuwa na chombo chenyewe cha kutelezeshea. Wavuvi wastaafu walikuwa wanamwambia anaimba kama mtu aliyemeza msumari, na hiyo ilikuwa sifa. Tangu hapo amelala kwenye gari, ameuza santuri zake mwenyewe kutoka kwenye buti ya gari, ameimbia watu wanaotazama mpira. Safari hii, Odessa Pruitt, malkia wa bluzi aliye hai, alikuwa amemchagua apige gita kwenye ziara ya Ulaya nzima, na kila ukumbi Roz angepewa nyimbo mbili za kuimba mwenyewe.

"Kesho siwezi," alisema.

"Rudia."

"Nina miadi ya ndoa."

"Roz, mpenzi wangu, yule bibi hamsubiri mtu. Mwanaume wako hawezi kusogeza?"

"Nimemsogeza miaka sita. Nitatuma kaimu. Keziah Marr yuko hapo hapo Leeds."

Philippa akavuta pumzi. "Yule binti anapiga vizuri kuliko..."

"Malizia."

"Kuliko inavyofaa kwa kaimu."

"Najua. Lakini kaimu haibi kiti. Hiyo ni sheria yetu, hata Keziah anaijua."

"Keziah anaijua. Odessa je?"

Roz alisukuma sahani, akaanza kuzunguka jikoni.

Ijumaa alifika ofisi ya msajili kabla ya Neville. Neville alimkuta anatembea ukumbini, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango.

"Umekuja," Neville alisema.

"Usinishangae hivyo, watu wanatazama."

"Umekuja na gita?"

"Liko kwenye gari. Nimelizoea tu."

Neville aliitwa kwanza. Alipoingia chumbani, simu ya Roz ikatetema, ujumbe wa Keziah.

*Dada Roz, wamenipenda kupita kiasi. Odessa anataka nibaki mimi ziara nzima. Nimemwambia kiti ni chako, kasema ukiwa hapa kabla ya mchana atakusikiliza. Bado unawahi. Njoo, tafadhali, nisionekane mwizi.*

Aliisoma mara mbili. Kutoka Hull hadi Leeds ni mwendo wa saa moja tu kama barabara ina huruma. Alipozinduka, funguo za gari zilikuwa tayari mkononi, na hakukumbuka kuzitoa.

Mlango wa chumba ukafunguka. Neville alitoka, nyuma yake msajili, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Bi Rosalind Tranmer?"

Neville aliona funguo. Hakupaza sauti.

"Wamekuita?"

"Wanataka kumpa Keziah nafasi yangu. Nikiondoka sasa hivi nawahi."

"Basi kama unakwenda, nenda. Lakini safari hii uniambie mwenyewe. Usimpigie Dougie."

Msajili alitazama saa, akajifanya anafuta miwani. Roz alisimama katikati ya ukumbi, kidole gumba kinaparuza funguo kama kamba. Kisha akamwandikia Keziah, haraka, kabla moyo haujabadilika:

*Baki. Hukuiba kitu, mimi ndiye niliyekupeleka. Ukumbi ukipata joto kamba yako ya tatu inashuka sauti, iangalie.*

Akampa Neville funguo, akaingia.

Msajili alimuuliza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa ya mchumba. Vidole vya Roz vilikuwa vinacheza juu ya meza.

"Mchumba wako anafanya kazi gani?"

"Anakuza matango. Nyumba za vioo, Cottingham."

"Na wewe?"

Vidole vikatulia. Roz alitazama mikono yake, ngozi ngumu kwenye ncha za vidole.

"Mwimbaji wa bluzi," alisema polepole. "Na mpiga gita."

"Ndivyo alivyosema yeye pia," msajili akatabasamu. "Akanisimamia mpaka nikayaandika yote mawili."

Nje mvua ilikuwa inanyesha kiuvivu. Walikaa ndani ya gari, gita kiti cha nyuma.

"Umeipoteza ziara kwa ajili yangu," Neville alisema.

"Usijipe sifa. Nimeipoteza kwa ajili yangu mwenyewe. Na nimeumia, Nev. Usiniambie nisiumie."

"Sikwambii."

"Kesho kutwa nitaamka nataka kukimbia. Unanijua."

"Najua. Sijakuomba ukae. Nimeomba ukija, uje wewe."

Alitoa kiboksi mfukoni. Pete ilimkaa vizuri mkono wa kulia. Wa kushoto Roz aliukatalia, ndio unaobonyeza kamba.

"Harusi isiwe Jumamosi," Roz alisema. "Jumamosi niko kazini."

"Jumatano basi. Kesho unapiga wapi?"

"Baa moja Withernsea, peke yangu. Wastaafu, mchezo wa vishale na mbwa."

"Nakuja."

"Kesho una zamu ya matango."

"Nimeshapata kaimu."

Roz akageuka. "Nani?"

"Dougie."

"Dougie? Neville, Dougie ataua matango yote."

"Nimeshamwelekeza," Neville alisema, akawasha gari.