Dirisha Lililobaki Wazi

Kengele ya kiwanda cha nguo hulia saa kumi na mbili kasorobo, na kabla haijanyamaza mtaa wetu mzima umejaa vishindo vya viatu vya mbao juu ya mawe. Keziah Ogden alikuwa akitoka nyumba ya pili kutoka kwangu, kipande cha mkate mkononi, na Zillah Whitworth akimngoja penye bomba la maji. Wote walikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi walisaidia wafumaji, Keziah kwenye mashine zangu, Zillah kwenye safu inayotutazama. Mchana walikwenda shule.

Kiwandani sisi huzungumza kwa midomo tu. Mashine zinanguruma hata sauti ya mtu aliye ubavuni mwako huisikii, basi unatamka maneno polepole bila sauti, na mwenzako anayasoma mdomoni. Wale wawili walikuwa hodari. "Mwalimu ana pua kama birika!" Zillah alitamka siku moja, nami nikaona, nikacheka hadi nyuzi zikanikatikia.

Mwalimu huyo, Bwana Thorpe, alitaka mambo ya hakika tu: majina ya mito, urefu wa milima, idadi ya meno ya farasi. Kuhisi aliona ni kupoteza muda. Baba yake Keziah, karani, alikuwa hivyo hivyo. Paka wa Keziah alipokufa alimwambia, "Unalilia nini? Machozi ni maji na chumvi." Binti akafuta uso, na tangu hapo sikumwona akilia.

Mwezi wa tatu mama yake Zillah alifariki kwa kifua. Kwetu mtu akifa, kila nyumba ya mtaa hufunga mapazia mpaka jeneza lipite. Hakuna anayeambiwa. Jumamosi ya mazishi tulifunga sote, isipokuwa Keziah. Jumatatu mkaguzi alikuwa anakuja kuwapima wanafunzi, na chumba kilikuwa giza. Alifungua pazia, akaketi dirishani na kitabu chake.

Mimi nilikuwa nyuma ya jeneza. Nilimwona Zillah akiinua kichwa. Mtaa mzima umefumba, dirisha moja limefumbuka, na ndani yake rafiki yake anasoma.

Jumatatu asubuhi Keziah alimfuata penye bomba. "Pole, Zillah. Lakini mama yako aliugua miezi saba, kwa hiyo ilitarajiwa."

Zillah alimtazama, akaondoka. Wasichana wengine penye bomba wakamcheka Keziah. "Haya, msomi, tuambie! Machozi ya Zillah yana chumvi vijiko vingapi?"

Mchana Keziah alijibu maswali yote ya mkaguzi, akasifiwa mbele ya darasa. Aligeuka kumtafuta Zillah. Kiti kilikuwa kitupu.

Jioni alinikuta nikimenya viazi. "Bi Dorcas, Zillah ameomba ahamishiwe chumba cha juu cha kiwanda. Kesho ni siku yake ya mwisho kwetu. Nilikosea wapi? Maiti haoni pazia."

"Kweli, haoni."

"Basi lilikuwa na faida gani?"

Niliweka kisu chini. "Mume wangu alipozikwa, mwanangu, nilitembea mtaa huu nyuma yake. Sikumbuki mchungaji alisema nini. Nakumbuka madirisha. Kila lililofungwa liliniambia: tupo nawe. Pazia ni la yule anayetembea nyuma ya jeneza. Jumamosi Zillah alitafuta dirisha lako kabla ya yote."

Kidevu cha Keziah kilianza kutetemeka, akakaza meno kama alivyofundishwa.

"Lia tu," nikamwambia. "Mungu hakukuumba na kichwa peke yake."

Akalia, akaloanisha aproni yangu.

Kesho yake mashine zilikuwa zikinguruma. Zillah alitugeuzia mgongo. Keziah alisimama kwenye kichochoro, akangoja. Mwishowe Zillah aligeuka kufuata uzi uliokatika, na macho yao yakakutana. Keziah alitamka taratibu, bila sauti, mashavu yamelowa: "Nilifungua pazia. Nisamehe. Namkumbuka mama yako alivyotusuka nywele."

Zillah alisimama na uzi mkononi. Kisha midomo yake ikasogea: "Alikuwa anakuvuta sana, wewe ukipiga kelele."

"Bado kichwa kinaniuma!"

Wakacheka huku wanalia, na msimamizi akawafokea, wala hakuna aliyemsikia. Zillah hakwenda chumba cha juu.

Watoto, someni sana. Mambo ya hakika yana kazi yake, na Keziah leo ni mwalimu. Lakini mwenzako akiwa na msiba, usianze kwa kumpa maelezo. Anza kwa kuhisi naye. Vuli ya mwaka ule ule, mzee mmoja wa mtaani alipofariki, Bwana Ogden alinyoosha mkono afungue pazia apate mwanga wa gazeti lake.

"Leo hapana, baba," Keziah akasema, akamshika mkono. Wakakaa gizani wote wawili mpaka jeneza likapita.