Tiki Kumi na Moja

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kuteka maji ya kuoga, kuosha vyombo vya mchana, na kuokota nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Zote tatu alizimaliza kabla jirani hajamaliza kusugua sufuria moja. Ndiyo maana akaitwa Chapuchapu, na jina lenyewe alilipenda. Kwamba sahani nyingine zilirudi kabatini na mafuta yake, hilo hakulitia maanani.

Alhamisi hiyo mama alikuwa anapindia gauni dogo la bluu. Mahafali ya shule yalikuwa kesho yake, na tangu Jumatatu cherehani haikupumzika. Chapuchapu mwenyewe alikuwa mmoja wa wahitimu, tena katibu wa kamati ya maandalizi, tena ndiye atakayesoma risala. Risala aliijua yote, mpaka mahali pa kuvuta pumzi.

Bibi mmoja akabisha hodi. Nyuma yake alisimama mjukuu wake wa darasa la pili, mtoto mwembamba ambaye shuleni walimwita Kijiti.

"Shikamoo, bibi," Chapuchapu alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Gauni tayari?"

Mama akamvika Kijiti gauni. Likampwaya mabegani. "Mbona amepungua hivi? Mwezi uliopita tu nilimpima."

"Hospitali hiyo, mwanangu." Bibi alijitupa kitini. "Alionja karanga kwa jirani, punje mbili tu. Uso ukaumuka, koo likaziba, akawa anatafuta pumzi haipati. Tumelala wodini siku tatu. Daktari ameniambia akila tena, huenda tusiwahi."

"Pole sana, mama!"

"Nimeshapoa. Nilitaka kesho asiende kabisa. Halafu nikasoma tangazo la mwalimu pale getini, kwamba kila mwanafunzi ameulizwa chakula kinachomdhuru. Nikaambiwa aliyeuliza ni huyu binti yako. Mungu akubariki, mjukuu wangu. Sasa roho yangu imetulia."

Chapuchapu alikuwa amechuchumaa chini ya cherehani, nyuzi mkononi. Hakuinuka.

Ukweli ni huu. Wiki mbili nyuma, mwalimu mlezi wa kamati alimpa orodha ya wanafunzi wote. Amwulize kila mmoja, aandike chakula kinachomdhuru, na asiye na tatizo amwekee tiki. Chapuchapu alipita darasa kwa darasa, akauliza vizuri tu. Lakini siku hiyo wanafunzi kumi na mmoja hawakuwepo, Kijiti akiwa mmoja wao, na hao aliambiwa awasubiri warudi. Hakusubiri. Kesho yake aliona orodha yenye mapengo inamchelewesha uwanjani, akaketi kwenye ngazi, akawawekea wote tiki. Tiki kumi na moja kwa nusu dakika. Mwalimu akamsifu mbele ya kamati kwa kumaliza mapema, na orodha ikabandikwa ukutani jikoni.

Jioni hiyo alirudisha sahani yake jikoni ikiwa bado imejaa.

"Unaogopa risala?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Ikawa uongo juu ya uongo.

Asubuhi alikwenda shule na mpango wake kichwani. Atamnong'oneza Kijiti asiguse karanga, basi, mambo yaishe kimyakimya. Alipopita jikoni, harufu ya karanga zilizokaangwa ilimpokea mlangoni. Mpishi wa shule, mwanamama mwenye mikono minene na kicheko cha kusikika mpaka ofisini, alikuwa anazisaga. Trei mbili za biskuti zilikuwa zimeshatoka kwenye oveni.

"Katibu wangu huyo!" alisema. "Orodha yako imenipunguzia kazi. Wa maziwa nimemwona, wa samaki nimewaona, wa karanga hakuna. Basi leo karanga kila mahali! Kwenye biskuti, kwenye keki, na hizi zinaingia kwenye mchuzi wa kuku."

"Kwenye mchuzi pia?"

"Wageni walambe vidole!"

Chapuchapu alifungua mdomo. Maneno ya kusema yalikuwa mawili tu: mpishi, subiri. Lakini aliona yatakayofuata. Mwalimu atajua, mama atajua, shule nzima itajua, na risala atasoma mwingine.

"Utakuwa mtamu," alisema, akaondoka.

Alimkuta Kijiti kwenye mstari wa kwaya, gauni la bluu limeshapunguzwa mabegani. Akamvuta pembeni.

"Sikiliza. Leo usile biskuti, sawa?"

"Sawa, dada."

"Wala keki. Wala mchuzi."

Kijiti alikunja kidole kimoja kwa kila kitu alichokatazwa. "Na wali?"

"Wali kula."

"Wakipakua wali kwa kijiko cha mchuzi je? Bibi amesema hata kijiko."

Chapuchapu alitazama upande wa jikoni.

"Dada, nisile na wali?"

Mtoto huyu alikuwa na miaka saba. Alikuwa ameachiwa ajilinde mwenyewe, katikati ya muziki, sahani na kusukumana. Chapuchapu alimwona akilini ameanguka chini ndani ya gauni lile, mdomo wazi, pumzi haiingii. Akageuka, akatimua mbio kurudi jikoni.

Mpishi alikuwa ameinamisha bakuli la karanga juu ya sufuria.

"Usitie!" Chapuchapu alipiga kelele. "Sikuwauliza wote! Tiki nyingine niliweka tu!"

Mpishi hakucheka. Aliweka bakuli mezani taratibu. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Haya, twende kwa mwalimu. Sasa hivi."

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na hilo lilimtisha Chapuchapu kuliko fimbo.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wataje."

Wakaitwa mlangoni mwa ofisi mmoja mmoja, na mwalimu akauliza mwenyewe. Wa kwanza hakuwa na tatizo. Wa pili naye vilevile. Kijiti alikuwa wa tano. Wa tisa alikuwa mvulana wa darasa la nne, kamba za kiatu zikiburuta.

"Mimi karanga, mwalimu," alisema. "Nikila navimba midomo, pumzi inakata. Nilidhani mnajua."

Chapuchapu alishika ukingo wa meza. Huyu hata hakumfikiria. Angefanikiwa kuficha mambo, angemwokoa mmoja na kumwacha huyu ale mpaka ashibe. Akaketi sakafuni.

Biskuti na keki zilifungiwa stoo. Matunda yakakatwa badala yake. Meza, sahani na vijiko vyote vikaoshwa upya kwa sabuni na maji ya moto, na Chapuchapu akiwa mmoja wa waoshaji. Kila kijiko alikigeuza pande zote mbili kabla ya kukiweka. Mahafali yalichelewa saa nzima, mgeni rasmi akakunja uso, na risala ikasomwa na katibu msaidizi wa kamati. Lakini la kuogopesha zaidi lilikuwa bado. "Bibi yake Kijiti," mwalimu alikuwa amesema, "utamwambia wewe mwenyewe."

Alimkuta kwenye viti vya wazazi.

"Bibi, sikumwuliza Kijiti. Niliweka tiki tu."

Bibi alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa anakula wali na wenzake.

"Jana nilisema roho yangu imetulia," alisema. "Kumbe ilitulizwa kwa uongo."

Chapuchapu akaangua kilio. "Nimekosa, bibi. Nisamehe."

"Futa machozi, nikuambie kitu. Mimi niliiamini kalamu yako. Mpishi aliiamini, mwalimu aliiamini. Hakuna aliyeuliza mara ya pili, kwa kuwa uliandika umeuliza. Kazi ambayo haijaisha haina aibu, mjukuu wangu. Ungeacha pengo, mtu angeliona akalijaza. Ulipolifunika kwa uongo, nani angeliona? Siku nyingine kama hujauliza, andika 'sijauliza'."

"Ndiyo, bibi."

"Leo umesema kabla sijamzika mtoto. Kwa hilo nimekusamehe. Haya, nenda ukale."

Chapuchapu hakwenda kula. Alikwenda kusimama karibu na Kijiti, na hakuondoka hapo mpaka mtoto alipomaliza chakula chake.