Shuka Hunyanyuliwa na Wawili

Kila alfajiri, kabla mama hajaenda kwenye kiwanda cha mikate, yeye na binti yake walimgeuza Bibi. Mama alisimama upande wa ukutani, binti upande wa dirishani. Kila mmoja alikunja pindo la shuka lililotandikwa chini ya mgongo wa Bibi, akalishika kwa ngumi mbili.

"Moja, mbili, tatu, juu!" mama alihesabu.

Bibi alinyanyuka kidogo, akahamishwa, akalazwa ubavu. Mto mmoja uliwekwa nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti.

"Asanteni, wapagazi wangu," Bibi alisema. Tangu apatwe na kiharusi, maneno yalimtoka polepole, kwa upande mmoja wa mdomo. Mkono na mguu wa kushoto havikufanya kazi tena.

Binti huyo aliitwa Chuma. Bibi ndiye aliyempa jina hilo alipokuwa na miaka saba, siku aliyobeba ndoo ya maji kutoka bombani huku akilia na kukataa kusaidiwa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amewafundisha namna ya kumtunza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Kila baada ya saa mbili ni lazima ageuzwe, la sivyo ngozi inayobanwa na godoro hufa na kuwa kidonda. "Na msimburute," alisema akimtazama Chuma. "Ngozi ya mzee ni kama ganda la nyanya iliyochemshwa, ukiivuta inabaki mkononi. Shuka hili ni la watu wawili, mmoja huku, mmoja kule. Mtu mmoja haliwezi, hata awe mbeba magunia."

Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, ilipangwa kwamba mchana Chuma abaki na Bibi, na kila saa ya kumgeuza ikifika amwite Mama Pacha, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Mama Pacha alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye watoto mapacha na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Siku walipokubaliana alikuwa amekuja na akina mama wengine wa kanisani kumwona mgonjwa.

"Haya, kamba ya kiatu akichoka aniite," alisema huku akimshika Chuma bega. "Nisije nikawakuta wote wawili sakafuni!"

Akina mama wakacheka. Hata Bibi alicheka kwa nusu ya mdomo wake. Chuma hakucheka. Maneno yale yalimwingia kama mwiba, naye akaapa moyoni kwamba Mama Pacha hataitwa.

Siku ya kwanza, saa nne ilipofika, alifunga mlango wa mbele kwa komeo. Alipiga magoti kando ya kitanda akasali, "Mungu, nipe nguvu niweze mwenyewe. Amina." Kisha akapanda kitandani, akapitisha mikono chini ya makwapa ya Bibi, akamvuta.

"Chuma," Bibi alisema, "yule... jirani?"

"Ana kazi nyingi leo, Bibi. Mimi naweza."

"Mke mwenza, usinivunje. Bado... natafuta mchumba."

Chuma alicheka, akavuta tena. Bibi aligeuka. Shuka lilikunjamana chini yake na nyonga zake zikasugua godoro, lakini aligeuka. Chuma alijiona shujaa.

Jioni mama alirudi, unga ukiwa bado kwenye nyusi. "Mama Pacha alikuja?"

"Alikuja," Chuma alijibu.

"Mungu ambariki. Mpelekee huu." Mama akatoa mkate mzima, ule wa wafanyakazi.

Chuma aliupeleka huku miguu ikiwa mizito. Mama Pacha alikuwa akianua nguo. "Mkate wa nini tena, mwanangu?"

"Zawadi tu. Mama anakusalimu."

"Zawadi bila sababu! Basi mwambie nimeshukuru. Lakini mbona hujaniita? Nimekaa nasikilizia kama mlinzi."

"Leo alikuja shangazi," Chuma alisema. Alipogeuka kurudi, alihesabu: uongo kwa mama, uongo kwa jirani, na jua lilikuwa bado halijazama. Siku zilizofuata aliurudia uongo ule ule kwa wote wawili.

Siku ya tano, alipokuwa akimfuta Bibi kwa kitambaa chenye maji, aliona alama nyekundu juu ya makalio, ndogo kama kifuniko cha chupa. Aliibonyeza kwa kidole. Haikubadilika rangi. Siku ya saba ngozi ilikuwa imechubuka na kutoa majimaji. Chuma alijua ni nini. Alijua pia kwamba akimwambia mama, swali la kwanza litakuwa, "Mlikuwa mkimgeuza vipi?"

Akachukua poda ya mtoto iliyokuwa kabatini, akainyunyiza mpaka wekundu haukuonekana, akafunika kwa kitambaa safi. Asubuhi na jioni, mama alipotaka kumfuta Bibi, Chuma alimwahi. "Pumzika, Mama. Nimeshamfuta."

"Mtoto gani huyu nimepewa," mama alisema, akaketi na kuvua viatu. Sifa hiyo ilimchoma Chuma kuliko kofi.

Bibi hakusema kitu. Ila alianza kukunja uso kila alipoguswa, na chakula alikirudisha baada ya vijiko vitatu. Siku ya tisa mwili wake ulikuwa wa moto. Chumba kilikuwa na harufu ambayo poda haikuweza kuificha. Chuma alifungua dirisha. Alisali tena ile sala yake, safari hii mara tatu, kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango huku akitazama nyuma. Hakuomba Bibi apone. Aliomba aweze mwenyewe, ili asijulikane.

Saa sita mchana ilifika. Alipanda kitandani, akamshika Bibi makwapani. Lakini Bibi siku hiyo hakuwa na nguvu ya kumsaidia hata kidogo kwa mkono wake mzima. Mwili wake ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Chuma akaona afadhali ashuke na kumvutia upande wa dirishani. Alivuta, akapumua, akavuta tena kwa nguvu zake zote.

Bibi aliteleza. Miguu yake ilishuka kitandani, kisha nyonga zikafuata. Chuma alimkinga kwa kifua, akakaza goti kwenye ubao wa kitanda, akamkumbatia. Hapo ndipo alipogundua mahali alipojiweka. Kumrudisha juu hakuweza. Kumwachia akimbilie nje hakuweza pia, kwa sababu Bibi angeanguka chini kwenye saruji. Alibaki vile vile, goti likitetemeka, kichwa cha Bibi kikiwa begani mwake.

"Nitakurudisha, Bibi. Subiri. Subiri kidogo."

"Huwezi," Bibi alisema sikioni mwake.

"Naweza!"

"Huwezi, mwanangu. Na mimi... siwezi." Bibi alipumua kwa shida. "Mwambie Mungu hivyo. Hivyo hivyo tu."

Chuma alitaka kusema sala yake aliyoizoea, ile ya kuomba nguvu. Haikutoka. Goti liliteleza kidogo kwenye ubao na Bibi akashuka tena. Jasho lilimwingia machoni, au labda yalikuwa machozi. "Mungu," alisema, "siwezi. Nimemuumiza Bibi. Nimedanganya. Siwezi."

Hakukuwa na radi wala malaika. Ila komeo lililomzuia kupiga kelele lilikuwa kooni mwake, si mlangoni, na sasa lilifunguka.

"Mama Pacha!" alipiga kelele. "Mama Pachaaa! Njoo unisaidie! Bibi anaanguka!"

Upande wa pili wa ukuta beseni lilianguka. Sauti za mapacha zikasikika, "Mama, ni Chuma, ni Chuma!" Mlango wa mbele ulisukumwa ukagoma. Mama Pacha hakuusukuma mara ya pili. Alizunguka uani, akaingilia mlango wa jikoni, mikono ikiwa na povu la sabuni hadi viwikoni.

"Mshike kichwa," alisema. Alipitisha mkono mmoja chini ya magoti ya Bibi na mwingine mgongoni. "Moja, mbili, juu!" Bibi akarudi kitandani.

Chuma alikaa chini sakafuni, miguu imekufa ganzi. Alisubiri kicheko. Alisubiri kuitwa kamba ya kiatu. Lakini Mama Pacha alikuwa ameinua kitambaa akaona, na uso wake ulibadilika.

"Nani anajua habari hii?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Siku nne." Kisha maneno yote yakamwagika: komeo, mkate, shangazi ambaye hakuja, poda. "Nilimvuta. Nilimburuta kila siku."

Mama Pacha alikirudisha kitambaa polepole. "Na mimi nikakufanya uchekwe na watu," alisema hatimaye. "Ulimi wangu huu. Haya, kaa na Bibi, nakwenda kumleta nesi."

Muuguzi alikuja na mkoba wake. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliosha poda yote, akakata ngozi iliyokufa, akapaka dawa na kufunika kidonda kwa chachi. Bibi aling'ata pembe ya mto. Muuguzi alimtaka Chuma asimame pale atazame.

"Poda imefungia uchafu ndani," alisema. "Homa imetoka hapo. Ungenyamaza siku nyingine chache, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Nani alikufundisha kwamba kuomba msaada ni aibu?"

Chuma aliinama, akaokota chachi chafu sakafuni.

Mama aliporudi jioni alimkuta Chuma, Mama Pacha na muuguzi kando ya kitanda cha Bibi. Chuma alimweleza mwenyewe, amesimama, bila kumsubiri mtu mwingine aseme. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliketi kwenye kigoda, akafunika uso kwa mikono.

"Ulinidanganya kila jioni," alisema. "Nami nikamshukuru Mungu kwa ajili ya uongo."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini ngoja na mimi niseme yangu." Alifuta macho. "Akina mama wa kanisani walitaka kupeana zamu, wawili wawili kila siku. Nilikataa. Nilisema tutaweza. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wao, sikutaka wamwone akivalishwa nepi. Ulinidanganya, ndiyo. Lakini kiburi hukukiokota njiani. Ulikikuta humu ndani."

Mama Pacha alimpa kitambaa cha kujifutia. "Basi kesho nianze kupanga zamu?"

"Panga," mama alisema. "Tafadhali."

Kidonda hakikupona kwa siku mbili wala tatu. Homa ilishuka baada ya wiki moja, na muuguzi alikuja siku baada ya siku kubadilisha chachi. Akina mama walikuja wawili wawili. Chuma alisimama nao, akawaonyesha namna ya kukunja pindo la shuka, naye mara nyingi akaambiwa, "Kaa wewe, leo zamu yetu." Usiku aliamka mara nyingi na kugusa paji la uso la Bibi. Uchungu wa kuona alichokifanya haukuondoka kwa sababu tu alikuwa amesamehewa.

Jioni moja alimuuliza, "Bibi, ulijua kidonda kipo. Kwa nini hukumwambia Mama?"

Bibi alichukua muda kupanga maneno. "Niliona haya. Mimi... mwenyekiti. Nimewaosha wagonjwa wangapi? Kumnyanyua mtu ni rahisi, Chuma. Kunyanyuliwa... ndiko kazi." Alipumzika, akaendelea. "Nilipokuwa na miguu, nilisimama mbele ya watu nikasema, namtegemea Mungu. Kumbe niliitegemea miguu. Sasa sina. Nikisema namtegemea, ni kweli."

"Lakini mimi nilisali, Bibi. Kila siku nilisali nipewe nguvu."

"Ulisali. Mungu akatuma msaada, akauweka... ukuta wa pili. Nawe ukafunga mlango." Bibi alitafuta mkono wa mjukuu wake kwa mkono wake mzima. "Usimwombe akufanye usihitaji mtu. Mwambie ulivyo. Mnyonge hana cha kuficha, ndiyo maana Mungu humkuta upesi. Na akikutumia mtu, fungua."

Shule zilipofunguliwa, kidonda kilikuwa kimeziba, kimebaki kovu la rangi ya waridi ambalo muuguzi alilikagua akatikisa kichwa kwa kuridhika. Asubuhi ya kwanza, Mama Pacha na mwenzake walikuja mapema. Chuma alivaa sare, akabeba mkoba, akafika mlangoni, akarudi.

"Mto wa magoti msiuweke juu sana. Na kisigino kisiguse godoro. Na saa nne..."

"Tunajua, daktari," Mama Pacha alisema.

"Na shuka, mkilikunja..."

"Mke mwenza!" Bibi aliita kutoka kitandani, kwa sauti iliyokuwa imeanza kupata nguvu. "Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Wewe... nani? Nenda shule."