Beji Namba Arobaini na Moja

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Ijumaa, Nelly aliwasha kompyuta ya kundi katika ukumbi wa chuo, akapiga ukelele. Orodha ya wachimbaji, kazi ya miezi minane, ilikuwa imefutwa yote. Saa nne wageni wangeketi kusikiliza mradi, na bila mradi yeye na mwenzake Evance wasingehitimu.

Mwalimu Philomena, msimamizi wao, alikuja mbio. Katika orodha ile alikuwa na mstari wake mmoja: Kalisti, mdogo wake, aliyefukiwa shimoni kule Geita miaka sita iliyopita. Mgodi, kwa kauli ya msimamizi wa zamu, ulidai siku ile Kalisti hakuingia kazini, hivyo hapakuwa na mtu wa kufukuliwa. Mama yao, kule Bukombe, alizika shati. Philomena aliuchagua mgodi huo makusudi, akawapeleka wanafunzi wake wautengenezee mfumo wa kuhesabu wanaoingia na kutoka shimoni, waanze kwa kunakili madaftari ya zamani. Jina likatokea: Kalisti, ameingia saa moja na robo; kutoka, pako wazi. Muda mfupi baadaye mgodi ukasema daftari lenyewe limeliwa na mchwa.

"Nani aliingia humu?"

"Nilifungua saa moja kamili, madam, nikaacha wazi, nikaenda kupanga foleni ya maandazi." Nelly alimtupia Evance jicho. "Muulize huyu. Jana tuligombana nani awasilishe, akasema tutaona kesho."

Kompyuta ilionyesha orodha ilifutwa saa moja na dakika kumi na mbili, kwa jina la kundi. Neno la siri lilibandikwa pembeni ya kioo. Mpita njia yeyote angelisoma.

"Evance, saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Ibadakuli, uwanja wa ndege, nampokea shangazi. Mpigie, madam."

Alimpigia. Shangazi alithibitisha, tena kwa ukali wa mtu aliyekatishwa chai yake.

Philomena alifungua kabati, akatoa daftari la kundi. Kwa sababu ya umeme wa kukatika-katika, kila Alhamisi aliwalazimisha wachapishe kazi yote, waibandike na kuitia saini. Waliinung'unikia sana amri hiyo. Ukurasa wa Kalisti ulikuwepo.

"Ingizeni majina upya kutoka humu," alisema. "Na asiambiwe mtu kilichotokea."

Angeweza kuishia hapo. Hakutaka.

Saa mbili na dakika ishirini aliingia Bwana Ansgar, msimamizi wa zamu mgodini tangu enzi za Kalisti, mtu pekee wa nje aliyeiona orodha kwenye mazoezi ya jana.

"Mwangaluka, mwalimu!" alisalimu kwa Kisukuma. "Ndiyo nafika, natoka lojini."

Shingoni alining'iniza beji ya mgodi. Watu wa shimoni hawaivui mpaka wanapokwenda kulala. Philomena aliitazama, kisha akatazama juu ya mlango. Jana jioni, Ansgar alipokwisha kuondoka, Nelly alifunga pale kifaa cha mradi, kinachosoma beji za mgodi kwa mbali na kutunza kumbukumbu zake chenyewe.

Saa nne, mbele ya wageni, Philomena alisimama.

"Bwana Ansgar, leo ulifika hapa saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini. Si ulinipokea?"

"Nelly, soma kifaa."

"Beji namba arobaini na moja. Imeingia saa moja na dakika tisa. Imetoka saa moja na dakika kumi na nane."

Ansgar aliifunika beji kwa kiganja, lakini ukumbi mzima ulishaisoma.

"Kibovu hicho! Kwanza hiyo orodha yenu haipo tena."

"Nani kakwambia haipo?"

Philomena alimfungulia daftari mbele ya macho yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Siku ile Kalisti alipofukiwa, ulisema shimo ni tupu. Kwa nini?"

"Wachimbaji waliniambia lina nyufa, nikawashusha hivyohivyo. Wenzake walitoka, yeye akabaki. Kama wangefukua, ningefungwa."

"Ulijua yu hai?"

Ansgar alitazama sakafu. "Aligonga bomba. Siku moja tu, mwalimu. Siku moja tu."

Evance alijifunika uso. Philomena hakulia. Kwa miaka sita alikuwa amejiandalia matusi ya kumtupia mtu huyu, na sasa hakuona hata moja linalomtosha. Askari wawili aliowaita tangu saa tatu waliinuka kutoka viti vya nyuma.

"Usiivue beji," alimwambia. "Pita hapo mlangoni, polepole. Nataka kifaa kiandike kwamba wewe umetoka."

Kifaa kililia mara moja, na Nelly akasoma saa kwa sauti.