Kurasa Tatu za Mdogo Wangu

Nianze na dhambi yangu, maana Mungu anaijua na sina sababu ya kukuficha wewe. Siku aliyokufa, mdogo wangu aliniita mara tatu. Niliona ananiita. Sikuitika.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye maabara ya vipimo vya damu. Napokea watu, nawakalisha, nawachapishia majibu. Shule yangu haikufika mbali. Kompyuta nilifundishwa na huyo mdogo wangu, aliyekuwa fundi wa mashine palepale kazini. Wote tulimwita Waya kwa wembamba wake. Daktari wetu alikuwa akimtania, "Huyu akisimama kiubavu, mpigieni simu ndiyo mjue yupo."

Zamani, kila jibu la mgonjwa likiwa tayari, kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kilijifungua upya, madirisha yakarundikana mpaka mashine ikakwama. Waya akaandika skripti, maagizo ya mistari michache tu. Inatazama kwanza kama kivinjari kiko wazi. Kikiwa wazi, linki, yaani anwani ya jibu, inafunguka humohumo, ukurasa mpya nyuma ya ule ninaousoma.

"Sitaki ukurukie usoni ukiwa na mgonjwa, dada," aliniambia. "Utakusubiri nyuma."

Alipougua kifua akabaki kitandani nyumbani, alitumia njia hiyohiyo kunifikia. Anaandika jambo akiwa kitandani, skripti inalifungua kwenye mashine yangu, juu yake neno "Dada." Wiki nzima aliniletea vichekesho, picha za paka, malalamiko kuhusu dawa chungu. Siku mbili nilicheka. Siku ya tatu nikamchoka.

Asubuhi ya siku aliyokufa, foleni ilifika mlangoni. Nikaona "Dada" imefunguka. Baadaye ya pili. Halafu ya tatu. Nikasema moyoni, huyu naye hana kazi. Nikabonyeza kufunga kurasa zote za nyuma kwa mpigo, kama nifanyavyo kila siku kabla ya chakula.

Mama alikuwa ametoka kwenda kumchukulia dawa. Aliporudi alimkuta amelala ubavu, kompyuta inawaka pembeni yake.

Baada ya mazishi nilimwomba fundi mpya anitafutie zile kurasa kwenye kumbukumbu za kivinjari. Ya kwanza: "Dada, nakosa pumzi." Ya pili: "Dada, upo?" Ya tatu: "Dada, mwambie mama asijilaumu kwa kutoka." Chini ya kila moja palikuwa na nafasi ya kujibu. Zote tatu tupu. Fundi aliziona, nami niliziona.

Jioni mama akaniuliza, "Hakuacha neno?"

"Hakuacha, mama. Alilala tu."

Nilidanganya, kwa sababu neno lake lingenifichua. Mama akajilaumu kila siku iliyopambazuka. Akaanza kusukuma sahani pembeni bila kula.

Mwezi wa nne baada ya mazishi, nikafunga kurasa kama kawaida. Mmoja ukabaki. "Dada." Ndani mweupe, hauna kitu. Nikaufunga. Ukafunguka.

Fundi akakagua. "Orodha ya linki ni tupu. Hakuna aliyetuma kitu." Akaifuta skripti mbele ya macho yangu. Ukafunguka. Akakata mtandao. Ukafunguka.

"Huyu jamaa aliandika nini humu?" alinong'ona. Hakurudi tena kwenye meza yangu.

Nikawa nakiacha kivinjari kimefungwa kabisa. Nageuka kumwonyesha mgonjwa kiti. Nikirudisha macho, kiko wazi.

Mchana mmoja mzee aliyekuwa akingoja majibu aliinua kichwa. "Nani anahema hivyo? Mfungulieni dirisha, jamani."

Chumbani tulikuwa wawili. Nikatega sikio. Nikasikia. Pumzi fupi. Inakatika. Inavutwa tena. Ilitoka kwenye mashine.

Mashine yangu haina spika.

Nikamwachia mzee kiti na karatasi zake, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Waya, mto mapajani. Nikapiga magoti. Nikamwambia maneno yote matatu ya Waya, na jinsi nilivyoyafunga bila kuyasoma.

Akauweka mto pembeni.

"Alisema nisijilaumu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukaniacha nijilaumu miezi minne." Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. "Nipishe. Nataka kulia na mwanangu."

Kesho yake nilifunga kurasa zote na hakuna uliobaki. Nikaingia kwenye kumbukumbu ili nimchapishie mama maneno ya mwanawe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa vilevile. Kwenye wa pili, chini ya "Dada, upo?", palikuwa na jibu.

"Nipo. Lala, mdogo wangu."

Limeandikwa kutoka mashine yangu, dakika mbili baada ya yeye kuuliza, asubuhi ileile ya foleni. Sikuliandika mimi. Dakika hiyo nilikuwa kwenye kiti changu, peke yangu nyuma ya ile meza. Nimemwomba Mungu anionyeshe ni nani aliyemjibu kwa mikono yangu. Hajanionyesha.

Karatasi nilimpelekea mama. Ameikunja, ameiweka chini ya mto. Mimi bado hajanisemesha, na sahani bado anaisukuma.

Wewe unayesoma, ukisali leo, nakuomba umtaje mama yangu.